Tunataka kuchangisha kwa ajili ya mpwa wangu, video yake tuiweke au tuache?

Mjomba Mtulivu

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Nitaandika kirefu kidogo mnivumilie, kichwa kimejaa na huku nyumbani kila mtu ana lake.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka miwili na ushee. Alizaliwa vizuri tu, akakaa kwa wakati, akatambaa, anacheka na kila mtu. Alipokaribia miezi sita akapata homa, homa yenyewe ya kawaida, degedege likamkamata. Sasa sio lile la dakika mbili linaachia, hili lilimshika upande mmoja wa mwili, mkono na mguu wa kushoto tu vinarusha, mpaka anafikishwa hospitali bado linaendelea. Tukaambiwa ni degedege la homa, akikua litaisha. Halikuisha. Likarudi upande wa kulia, baadae likaanza kuja hata bila homa, yaani maji ya kuogea yakiwa na joto kidogo tu linakuja. Sa hivi yale maneno aliyokuwa ameanza kuongea hayaongezeki na akitembea anapepesuka.

Dawa kabadilishiwa mara kadhaa, na kuna moja dada anasema tangu aanze hali ndo imezidi. Majuzi ndo tumempata daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa watoto, akakaa na dada akauliza historia yote toka mimba, akasema anahisi ni Dravet, kifafa adimu kinachotokana na vinasaba, lakini hawezi kusema moja kwa moja mpaka kipimo cha vinasaba kitoke. Na kipimo chenyewe sampuli inatumwa mbali, hela yake hatuna.

Kwaiyo tumekaa kikao familia nzima tukakubaliana tuchangishe, hapo ndo ugomvi ukaanza. Upande wa shemeji wameshapata kliniki moja ya nje kupitia Facebook, wametumiwa profoma kwa WhatsApp, wanaambiwa mtoto atachomwa seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, na asilimia 90 wanapona kabisa, ila walipe nusu kabla mwezi haujaisha nafasi isiende kwa mwingine. Hela wanayotaka sijawahi hata kuiota. Shemeji anasema tutangaze hiyohiyo, watu wakiona kubwa wanajua jambo ni zito. Mi roho inakataa ila sina hoja.

La pili ni video. Binamu yetu mmoja anajifanya mtaalamu wa mitandao, anasema bila video ya mtoto akiwa kwenye degedege hatupati kitu, watu watapita tu. Dada hataki, kalia sana siku hiyo. Lakini hela nayo inatakiwa. Waliopitia haya mlianzia wapi?

Dua Njema

Pole sana mjomba, Mungu amsimamie huyo malaika 🙏 Ila mi nilisikia kuna sindano moja tu, mtoto anachomwa mara moja maishani basi, dola milioni 2, ni magonjwa hayahaya ya neva za watoto. Kuna familia zilichangisha mtandaoni wakapata. Ulizieni hiyo kabla ya hizo seli shina.

mama wa mpambanaji

Dua Njema nia yako ni njema ila hiyo sindano ni ya ugonjwa mwingine kabisa. Unaizungumzia Zolgensma, ni ya SMA, ule ugonjwa ambao neva za uti wa mgongo zinakufa na misuli ya mtoto inalegea. Marekani waliipitisha Mei 2019 kwa watoto wasiofikisha miaka 2, bei ikatangazwa dola milioni 2.125, na kuanzia 2020 kampuni ya Novartis ikawa inatoa hadi dozi 100 bure kwa mwaka kwa nchi ambazo dawa haijaidhinishwa, tena kwa kuchezesha bahati nasibu, wazazi wengi walilalamika sana. Kwa Dravet haifanyi kitu. Nalisema mapema mjomba kwasababu mkishatangaza tu mtatumiwa linki za kila aina, kwa watu "ugonjwa wa neva" ni mmoja.

Haya nije kwako sasa. Mwanangu ana Dravet, yuko shule tayari. Ulivyoeleza, degedege refu la upande mmoja kabla ya mwaka, maji ya moto, mtoto aliyekuwa anakua vizuri, ni kama umeandika ya kwetu. Na ndo aliyoyaeleza daktari Mfaransa, Charlotte Dravet, mwaka 1978. Mwaka 2001 ikajulikana shida iko kwenye kinasaba kinaitwa SCN1A, watoto zaidi ya 8 katika kila 10 wenye Dravet wana hitilafu hapo. Ni adimu kweli, Marekani inakadiriwa mtoto 1 kati ya 15,700, kwahiyo usishangae madaktari wa mwanzo hawakuliwaza.

Kitu kimoja mwambie dada yako leo hiihii kabla hata ya habari za hela. Kwa watoto walio wengi hiyo hitilafu hawakurithi kwa mama wala kwa baba, imejitokeza yenyewe. Mi ukweni walinisema mpaka nikazoea, mara ukoo wetu una kifafa, mara nimempeleka mtoto chanjo ndo ikamharibu. La chanjo lina majibu yake, mwaka 2006 Samuel Berkovic wa Australia na wenzake waliwapima wagonjwa 14 waliokuwa wanasemekana wameharibiwa ubongo na chanjo, 11 kati yao wakakutwa na hitilafu ya SCN1A. Homa ya baada ya chanjo inaweza kuamsha degedege la kwanza, ila ugonjwa ulishakuwepo toka tumboni. Komenti za hivyo zitakuja mkianza kuchangisha na dada yako atazisoma usiku peke yake, bora ziwakute mmejiandaa.

Kliniki sasa. Hakuna seli shina iliyothibitishwa kutibu Dravet, hakuna, popote. Hiyo asilimia 90 waulize imechapishwa wapi, watoto wangapi, walifuatiliwa muda gani, utaona wanakutumia video ya mzazi analia kwa furaha. Shirika la kimataifa la wanasayansi wa seli shina, ISSCR, ambao ndo kazi yao hiyo, wenyewe wanawatahadharisha wagonjwa na kliniki zinazouza tiba kwa shuhuda na zinazotibu magonjwa chungu nzima kwa seli zilezile. Na kama wakisema ni jaribio la utafiti, kwa kawaida jaribio halali halimtozi mgonjwa hela ya dawa inayojaribiwa, na utalikuta limeandikwa kwenye ClinicalTrials.gov, daftari la mtandaoni la majaribio ya tiba, au daftari kama hilo, ingawa kuandikwa tu pia sio dhamana. Halafu hilo la "lipa nusu kabla ya mwisho wa mwezi", jamani, hospitali gani inauza mtoto kupona kwa ofa?

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilitoa utafiti kuhusu michango ya mtandaoni ya tiba zisizo na ushahidi, seli shina za majeraha ya ubongo zikiwemo. Walikuta kampeni zaidi ya 1,000 na zilishakusanya karibu dola milioni 7. Hiyo ni hela ya ndugu na majirani wa watu. Na ndugu wakishachanga wakaona mtoto karudi vilevile, siku mnahitaji hela ya dawa kweli hamna wa kumwambia.

Sisi tulichangisha kipimo cha vinasaba peke yake kwanza. Kiasi kinaeleweka, kina mwisho, na majibu yakitoka mnawaambia watu majibu yametoka. Ndo nakushauri hivyo, msitangaze mlima wote kwa mara moja. Dravet ni ya maisha, mtachangisha tena.

Video ya degedege msiweke. Mwanangu ana wenzake darasani wana simu za mama zao, kitu ukishakipandisha hakishuki tena, na mpwa wako akifika miaka kumi atakuja kuonyeshwa video yake katoa macho na mate yanamtoka. Dada yako yuko sahihi na hatakiwi kulia kulitetea hilo.

Chalii wa Nyuma

Mi niseme ukweli hata kama nitaonekana mbaya. Michango ya watoto wagonjwa sa hivi nikiiona napitiliza. Kuna picha ya mtoto mmoja ana mipira puani nimeiona kwenye magrupu matatu tofauti, majina matatu, namba tatu za kutuma hela. Kwaiyo hata wewe mjomba sikujui, unaweza kuwa kweli una mpwa na unaweza usiwe naye. Mtu kama mimi nitaaminije? Na hela ikizidi inaenda wapi? Maana kuna jamaa tulimchangia mtoto wa ndugu yake, baadae tukaona kapaka nyumba rangi mpya. Labda hela yake mwenyewe sijui, ila hakuna aliyewahi kutuambia zilipatikana ngapi.

Mzee wa Mahesabu

Chalii kauliza maswali ambayo wachangiaji wengi wanayo ila wanaona aibu kuyauliza, wanaamua tu kutochanga. Kwahiyo mjomba usimnunie huyu, huyu ndo wa kumwandikia tangazo lako.

Nimeshika mahesabu ya michango ya ugonjwa kwenye ukoo wetu na kazini pia. Cha kwanza kabisa hela isiingie kwenye akaunti ya mtu anayoitumia kwa mambo yake. Sio kwamba ni mwizi, hapana, ila siku akinunua kitu chochote kitasemwa, ndo hayo ya rangi ya nyumba. Fungueni akaunti mpya, watia saini wawili, na kwa ugomvi mlionao ningeshauri mmoja atoke upande wenu na mwingine upande wa shemeji, hela isitoke bila wote wawili. Mkitumia namba ya simu basi laini iwe mpya, ya shughuli hiyo tu, na jina linalotokea mtu akituma liwe ndo hilohilo mmeliandika kwenye tangazo.

Hela ya kipimo lipeni maabara au hospitali moja kwa moja. Risiti mnaipiga picha, mnafuta namba ya faili na jina kamili la mtoto, mnaiweka grupu. Kila wiki jumla tu, "mpaka jana usiku zimefika kadhaa, bado kadhaa". Msiorodheshe fulani katoa hiki fulani kile, hiyo inawafukuza wenye kidogo, na ukijumlisha wenye kidogo mara nyingi ndo wanabeba nusu ya mzigo.

Afu hili watu hawapendi kulisikia ila liandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia: zikizidi zinaenda wapi, na mtoto akituacha katikati ya safari zinaenda wapi. Nimeona familia nzuri zimegawanyika msibani kwa ajili ya hela ya matibabu iliyobaki. Mstari mmoja unatosha, mfano "zitakazozidi zitanunua dawa zake, na zisipohitajika zitaenda kwenye akaunti ya wodi ya watoto hospitali fulani".

Kama mna ndugu nje ya nchi anataka kuwafungulia ukurasa kwenye GoFundMe na mitandao ya aina hiyo, sawa, ila msome masharti kwanza. Nchi ambazo hela inaweza kutolewa benki ni chache, kwahiyo mara nyingi itabidi huyo ndugu ndo aitoe kwa jina lake kisha awatumie. Basi iandikwe wazi kwenye ukurasa kwamba yeye ni nani kwa mtoto na hela itawafikia vipi. Na makato yapo, ya mtandao na ya kutuma, mkipiga bajeti bila makato mtapungukiwa mwishoni.

Kuhusu kutangaza kiasi kikubwa ili watu waone jambo zito, shemeji anakosea. Mtu mwenye kidogo akiona namba ya kutisha anajiona chake hakisaidii kitu, anafunga simu.

Mjomba Mtulivu

Aisee nimesoma yote mara mbili na nimempa dada simu asome mwenyewe. Alipofika pale pa kutorithi akaniuliza "ina maana sio mimi?" akaomba nimtumie hayo maneno, nadhani kayapeleka ukweni.

Chalii sijakasirika, ni haki yako.

Shemeji kuhusu kliniki bado hajaridhika ila kakubali awaulize hayo maswali ya imechapishwa wapi. Wamemjibu watampa punguzo akilipa wiki hii. Hajasema kitu tangu jana.

Swali lingine. Ile dawa iliyomzidishia inaitwa karbamazepini, bado anaitumia, na karatasi ya daktari bingwa imeandikwa ibadilishwe ila dada kaogopa maana alishaambiwaga dawa za kifafa haziachwi. Na je tukichangisha ya dawa, tuandike dawa gani? Tutajuaje bajeti?

Nesi Dripu

Mjomba hilo la dawa lisisubiri michango. Mpigie huyo daktari leo au mrudishe mtoto, umwambie bado yuko kwenye karbamazepini. Dada yuko sahihi kwamba haikatwi ghafla nyumbani, inaweza kuleta degedege lisiloachia, daktari ndo atampangia inavyopunguzwa na nyingine inavyoingia. Lakini kubaki nayo pia sio.

Nieleze kwa nini, maana hii inawachanganya hata wenzetu wahudumu. Ile SCN1A inatengeneza mlango wa kupitishia sodiamu kwenye seli za ubongo, na kwa Dravet zinazoumia zaidi ni zile seli zenye kazi ya kutuliza wenzake, breki za ubongo tuseme. Sasa karbamazepini, fenitoini, lamotrijini na okskarbazepini zinafanya kazi kwa kuziba hiyohiyo milango ya sodiamu. Kwa vifafa vingine ni dawa nzuri sana, zimeokoa watu, na karbamazepini na fenitoini ndo zinapatikana karibu kila mahali kwa bei nafuu. Kwa Dravet zinazidi kulegeza breki ambazo zilishalegea, degedege linaongezeka. Kwahiyo mwandike kwenye karatasi ngumu, majina hayo manne, ikae pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, kwasababu akifikishwa usiku mahali hawamjui mtu wa zamu anaweza kufungua fenitoini ya mshipa kwa nia njema kabisa.

Dawa ambazo daktari huwa anaanzia ni sodiamu valproeti na klobazamu. Zisipotosha ndo kuna stiripentoli, inapewa pamoja na klobazamu, kuna kanabidioli, inayotokana na mmea wa bangi, ambayo Marekani waliiidhinisha 2018 kwa jina la Epidiolex, na kuna fenfluramini iliyoidhinishwa 2020. Hiyo fenfluramini ina historia, ilikuwa dawa ya kupunguza mwili, ikaondolewa sokoni 1997 kwasababu iliharibu valvu za moyo, ikarudi kwa dozi ndogo kwa hawa watoto na ikafanya kazi. Ila inadai kipimo cha moyo kabla ya kuanza na kila baada ya miezi 6. Naitaja kwa ajili ya bajeti yenu, watu wanachangisha hela ya chupa wanasahau vipimo vinavyofuatana na chupa. Na kuna mlo wa ketojeniki, mafuta mengi wanga kidogo sana, unasaidia baadhi ya watoto lakini ni wa kusimamiwa na mtaalamu wa lishe, sio wa kusoma mtandaoni mkaanza.

Msiandike jina la dawa kwenye tangazo kabla daktari hajaiandika kwenye cheti. Andikeni hatua ya kwanza kipimo. Ila ndani ya hatua hiyo ya kwanza wekeni na dawa ya dharura, diazepamu ya kuweka njia ya haja kubwa au midazolamu ya kuweka shavuni, daktari awape na awafundishe dozi kwa uzito wake. Degedege likifika dakika 5 halijaachia unaitumia hapohapo na safari ya hospitali inaanza. Kwa huyu mtoto hicho ndo kitu cha thamani kuliko vyote mtakavyonunua mwaka huu, na si ghali ukilinganisha na hivyo vingine.

Video nayo nina neno. Msiitupe! Usiiweke mtandaoni ila mpelekee daktari, kwa daktari hiyo ni dhahabu. Mkichukua nyingine mfunueni shuka, uso na macho yaonekane, mikono yote miwili na miguu yote miwili, maana swali ni upande gani umeanza. Anayeshika simu aseme kwa sauti saa ngapi limeanza, na mwingine awe amemlaza mtoto ubavu. Asishikwe kwa nguvu, asiwekewe kitu mdomoni, sio kijiko sio kidole.

Chalii wa Nyuma

Nesi hapo kwenye kijiko umenigusa, kwetu kila mtu anakimbilia kijiko.

Mjomba Mtulivu

Daktari kapokea simu, kesho tunampeleka kubadilishiwa dawa. Shukrani sana nesi.

Binamu kanuna ila kakubali, atatengeneza bango bila video. Nimeandika tangazo, naombeni mnisaidie kulikata:

"Ndugu, jamaa na marafiki. Mtoto wetu mpendwa, umri miaka miwili, anasumbuliwa na ugonjwa hatari sana wa ubongo unaoitwa Dravet ambao haujulikani na madaktari wengi, anateseka usiku na mchana na maisha yake yako hatarini. Tunaomba mchango wako wa hali na mali ili apate kipimo kikubwa na hatimaye atibiwe na apone kabisa kama watoto wengine. Chochote ulichonacho usione aibu. Mungu atakulipa. Tuma kwenye namba ya mama wa mtoto."

mama wa mpambanaji

Mjomba umeandika kwa moyo ila nitalipunguza, usichukie.

"Anasumbuliwa na Dravet" toa, hamjathibitisha bado. Kesho kipimo kikisema kingine mtaonekana waongo na hamkudanganya. Andika "daktari bingwa anashuku kifafa adimu cha vinasaba".

"Apone kabisa" toa. Dravet haina tiba ya kuiondoa mpaka leo, kuna dawa ya kuelekezwa kwenye kinasaba iko kwenye majaribio na tunaifuatilia wote kwa hamu, ila bado ni majaribio. Mnachoweza kuahidi ni degedege kupungua na mtoto kupewa dawa inayomfaa. Kwa mzazi kupungua ni jambo kubwa sana, kwa mchangiaji aliyeahidiwa kupona ni kama kadanganywa.

"Anateseka usiku na mchana" pia toa. Kwanza sio kweli, umesema mwenyewe anacheka na kila mtu. Weka hilo la kucheka.

Na namba isiwe ya mama wa mtoto. Simu ya mama itaita mchana kutwa watu wanauliza imefika imefika, wengine wanataka waone mtoto kwenye video, na yeye ndo anayelala na huyo mtoto usiku. Namba iwe ya mjomba mmoja mwenye subira, yaani wewe. Mi ningeandika hivi:

"Binti yetu ana miaka miwili, ni mcheshi, anapenda watu. Tangu akiwa na miezi sita anapata degedege refu. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa watoto anashuku kifafa adimu cha vinasaba na ameagiza kipimo ili ajue dawa ya kumpa na dawa ya kumwepusha nayo. Tunachangisha gharama ya kipimo hicho, pamoja na dawa ya dharura ya kukaa nyumbani. Kiasi: (weka). Kilichopatikana tutakitangaza kila Jumapili. Hela italipwa maabara moja kwa moja na risiti tutaiweka. Ikizidi itanunua dawa zake, zisipohitajika itaenda wodi ya watoto. Akaunti ina watia saini wawili, mjomba na baba mdogo wa mtoto. Maswali yote kwa mjomba, mama yake tumwache apumzike. Hatuna namba nyingine, ukiona nyingine ujue sio sisi."

Picha muulize dada. Sisi tulitumia ya mikono yake akiwa anachezea vifuniko vya chupa, sura haionekani, ilitosha.

Mzee wa Mahesabu

Hilo limekaa. Ongezeni tarehe ya kufunga. Mchango usio na mwisho watu wanauahirisha.

Nesi Dripu

Mjomba kabla hujajaza hapo kwenye kiasi, kesho mkiwa kwa daktari muulize anataka wapime SCN1A peke yake au paneli ya vinasaba vya kifafa, ambayo inaangalia vingi kwa sampuli moja. Bei zinatofautiana na isije ikawa mmelipia kidogo kikatoka hamna kitu mkaanza upya. Muulize pia kama kipimo kinashika na vipande vya kinasaba vilivyokatika, sio herufi zilizobadilika tu, kwasababu baadhi ya watoto wa Dravet tatizo lao liko hapo na kipimo cha kawaida kinawaruka. Na mwisho muulize kama anaijua programu yoyote ya kupima bure, kuna kampuni za dawa huwa zinagharamia vipimo vya vinasaba vya kifafa cha watoto kupitia maabara fulani fulani, akisema ipo basi hilo bango lenu nusu yake mnalifuta kabla halijatoka.